Chungu cha Jirani

Moshi wa korosho haufanani na moshi mwingine. Unashika koo kwanza, kisha nguo, na ukiingia kwenye nywele utalala nao na kuamka nao. Juzi nilikuwa nikishuka kazini, kichwa kimejaa mambo yangu, nikampita mama mmoja pembezoni mwa barabara anakaanga korosho kwenye debe lililotobolewa. Ganda lilipasuka, moto ukaruka, naye akarudi nyuma huku akicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale nikamtazama mikono kama mtu aliyetumwa kuikagua, hadi akaniuliza, "Dada, unanunua au unanisanifu?"

Nilinunua. Nilipofika chumbani sikuzila. Niliziweka mezani, nikakaa, nikainuka, nikafungua dirisha, nikalifunga. Tangu tumzike mama situlii. Watu wa parokia yake walisema kwenye mazishi kwamba alikuwa mwanamke wa sala, mnyenyekevu, mwenye upendo kwa wote. Yote ni kweli, lakini maneno hayo yalinikera. Husemwa juu ya kila maiti wa kike. Mimi nilisoma chuo kikuu, nikafundishwa kuuliza: sala ilifanya nini? Unyenyekevu ulimfaa nani? Na kila nikiuliza hivyo, jibu linalonijia si neno. Ni chungu.

Tulihamishwa nilipokuwa mdogo, sijaanza shule. Lori lilikuja hadi kwenye mikorosho ya baba, chini ya uwanda wa juu tulikotoka, likapakia milango, kuku, mtwangio na sisi. Tukashushwa upande wa Milola, kwenye kijiji cha ujamaa ambacho bado kilikuwa vigingi na kamba. Nyumba zilipangwa kwa mstari kama darasani. Watoto wenzangu walifurahia kuwa na majirani wengi. Mimi nilitaka kurudi. Kila lori lililopita nilikimbia barabarani nikidhani limekuja kutuchukua, nikirudi mama ananipangusa vumbi bila kuuliza.

Nyumba za Wakristo zilikuwa tatu tu. Padri alifika mara chache, mvua zikiruhusu, na Jumapili nyingine tulisali wenyewe chumbani kwetu, mama akiongoza. Waliobaki walikuwa Waislamu, wengi Wamwera, watu wa salamu ndefu. Jirani wa mkono wa kulia alikuwa Bi Somoe, mwanamke wa rika la mama, mwepesi wa kucheka, ambaye mume wake alikuwa kibarua mjini Lindi na alirudi kwa nadra. Aliishi na watoto wake na mama mkwe wake, Bi Kuruthumu. Huyo alikuwa kikongwe mwenye ukungu machoni, lakini pua yake na ulimi wake havikuwa na ukungu wowote.

Wiki ya kwanza mama aliwapelekea kisamvu cha nazi kwenye bakuli letu zuri. Bakuli lilirudi limeoshwa, na shukrani nyingi. Alipeleka tena. Siku hiyo mimi nilikuwa nyuma ya ua nikitafuta yai, nikamwona Bi Kuruthumu akiwamwagia kuku kisamvu chetu, chote, hadi akagonga bakuli kwa vidole ili lisibaki jani.

Nilikwenda kusema. Baba alikuwa akinoa panga. "Wanaogopa sufuria yetu," alisema. "Wanajua tunapikia nguruwe."

Ilikuwa kweli. Baba alikuwa mwindaji, ana mbwa wawili na wavu, na nguruwe mwitu ndio waliokuwa wakimaliza mihogo ya kijiji. Nyama yake tulikula, na sufuria ilikuwa moja.

Nilingoja mama akasirike. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Kumbe ni hilo tu." Kesho yake alichukua tetea wetu mmoja akaenda kwa mfinyanzi, akarudi kichwani ana chungu kipya, chekundu, chenye mdomo mpana. Akakitundika kwenye susu, ule wavu wa kamba wa kuning'iniza vyombo, kwenye kona ya chumba chao, chini kidogo ya msalaba wa mpingo aliochonga baba. Akatuambia hicho kisiguswe. Hakusema ni cha nini. Kwetu mtoto haelezwi, anakatazwa.

Mimi nilijieleza mwenyewe. Kila jioni mama alipiga magoti kwenye kona ile, uso ameuelekeza juu, na kilichokuwa mbele ya uso wake kilikuwa chungu. Msalaba ulikuwa mdogo, mweusi, gizani hauonekani. Chungu kilionekana. Kina mdomo, kina tumbo, hakitiwi chakula. Nikaelewa: sala zinaingia humo. Mungu wetu, ambaye kanisa lake lilibaki kule tulikotoka, ameletewa kitu cha kumsikilizia.

Basi mama akienda kisimani, mimi nilipanda juu ya kinu, nikaingiza mdomo kwenye chungu, nikasema, "Turudi nyumbani." Sauti ilizunguka ndani ikanirudia nene, kama ya mtu mzima aliyekubaliana nami. Nilisema hivyo karibu kila siku. Hatukurudi. Nikafikiri labda hakijajaa.

Mama naye sala zake zilinisumbua. Baada ya Baba Yetu na Salamu Maria alikuwa akitaja watu, na Bi Kuruthumu hakukosa.

"Mama, yule anawapa kuku chakula chetu."

"Nao kuku viumbe vya Mungu. Umeona wanavyonenepa?"

Baba hakuwa na subira hiyo. Miezi ilikwenda, hakuna aliyekuja kula, akaanza utani. "Mama Tekla, chungu chako kinafunga kuliko Waislamu. Wao angalau jioni wanafuturu."

"Siku yake itafika," mama alijibu.

Ilifika kwa ubaya. Korosho za mwanzo zilikuwa zimeanza kuanguka, Ramadhani imeingia, na Bi Somoe alikuwa uani akikaanga za watoto. Maganda yalishika moto, kama yanavyoshika. Akainua debe aliinamishe mchangani, likateleza, mafuta yakamrukia mikono yote miwili. Mafuta ya ganda la korosho hayaunguzi mara moja yakaisha, yanaendelea kula. Kilio chake nakisikia hadi leo. Mama alifika kabla ya wote, na alipotoka kule mikono ya Bi Somoe ilikuwa imefungwa vitambaa hadi kwenye viwiko.

Nani apike futari? Mume yuko mjini. Mama mkwe haoni moto hadi umguse. Mtoto mkubwa wa kike umri wake ulikuwa kama wangu. Jioni ile mama alikitungua chungu kwenye susu. Mimi nilishika mdomo. Alikiosha, akapika mihogo ya nazi, akakifunika kwa kawa, akajitwika. Nikamfuata nikihofu, maana alikuwa amempikia mtu ndani ya Mungu.

Bi Kuruthumu alikuwa kibarazani. "Shikamoo, mama," mama alisema.

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Futari."

"Kwenye nini?"

"Chungu kipya, mama. Hakijaona nyama tangu kitoke kwa mfinyanzi. Nilikiweka kwa ajili yenu."

Kikongwe aliinama, akanusa chungu kuzunguka mdomo wote, nje na ndani, kama mbwa wa baba anavyonusa njia. Kisha akasema, "Kiwekwe hapo." Adhana ilipolia, mama alimlisha Bi Somoe kwa mkono wake, kipande kwa kipande, na Bi Kuruthumu akala. Akala tena. Kuku hawakupata kitu.

Ikawa ndiyo kawaida. Kila jioni mama alipika, akapeleka, akamlisha Bi Somoe, wakacheka. Chungu kikirudi kiliwekwa kwenye susu, na mama akapiga magoti palepale. Mimi niliendelea na ombi langu, ingawa sasa sauti ndani ilikuwa na harufu ya nazi.

Siku moja mchana, baba na wenzake wawili walinasa nguruwe kwenye shamba la kijiji. Mkutano wa kijiji ndio uliomwomba awaue, na watu waliokuwa palizini walimpigia makofi. Lakini kumbeba hakuna aliyesaidia. Baba akapita barabara ya katikati na paja begani. Alipofika mbele ya nyumba ya Bi Somoe, Bi Kuruthumu akanusa.

"Wewe! Zunguka nyuma huko! Usinipitishie najisi mlangoni, nimefunga."

"Shikamoo, bibi."

"Zunguka!"

Watu wakacheka. Baba akazunguka. Nilikuwa uani alipoingia, na uso wake sikuwahi kuuona vile. "Muhogo nimeulinda mimi," aliwaambia wenzake. "Anaula. Anapikiwa na mke wangu, anaula. Mimi ndiye najisi." Sufuria yetu ilikuwa palepale juu ya kichanja, imeinamishwa, kavu. Aliiangalia. Kisha akaingia chumbani, akatoka na chungu.

Nani angeweza kumwambia baba kwamba huyo anayemtia nyama ya nguruwe ndiye anayesikiliza sala? Nilikaa nyuma ya banda la kuku nikingoja radi. Haikupiga. Nyama ikachemka. Ilinukia vizuri, na hilo lilinitisha zaidi.

Mama alirudi na fungu la kisamvu kichwani, tayari kwa futari. Alisimama mlangoni mwa ua. Wenzake baba walipomwona wakainuka, wakaaga, wakaondoka na vidole vina mafuta.

"Baba Tekla, hicho ni chungu gani?"

"Chungu ni chungu."

Mama alishusha kisamvu taratibu. Alichungulia ndani, akakaa chini kwenye mchanga, miguu ameinyoosha, kama watu wanavyokaa msibani. Baba alianza kueleza mambo ya barabarani, makofi, kicheko, neno najisi. Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Amekukosea," alisema. "Kweli amekukosea." Baba alikuwa ameshajiandaa kwa ugomvi, na hilo lilimvunja. Alishika kichwa.

"Kisugue kwa majivu," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Upike. Nani atajua?"

Mimi, nyuma ya banda, niliona ni shauri zuri. Bi Somoe hana mikono, jua linazama, watu wana njaa. Hata leo, na elimu yangu yote, naona hoja ya baba ilikuwa na uzito. Mama akisema ukweli, mgonjwa na watoto wake wanalala na njaa na miezi yote ya kungoja inapotea. Akinyamaza, hakuna anayeumia.

"Chungu cha udongo kinakunywa," mama alisema. "Majivu hayafiki huko. Halafu Somoe halioni jiko langu. Kila jioni anachokula ni neno langu. Nikimpa neno bovu, nimpe na nini tena?"

Akaingia chumbani. Nikamfuata kwa sababu niliogopa kubaki na baba. Akapiga magoti kwenye kona ileile, mbele ya susu tupu inayoning'inia kama soksi, akainua uso, akaanza kusali.

Jambo hilo lilinigonga kuliko yote ya siku ile. Chungu kilikuwa jikoni kimejaa nguruwe, na mama alikuwa akiongea palepale kama kawaida, kwa sauti ileile, na kunyamaza palepale alipozoea kunyamaza, kama anajibiwa. Nilitazama juu. Niliona kamba, fito, na ule msalaba mweusi ambao sikuwahi kuujali. Kwa hiyo chungu hakikuwa na kazi hiyo hata kidogo. Na mimi, siku zote zile, nilikuwa nikimwomba nani?

Akainuka, akanishika mkono, tukaenda. Mikononi hakuwa na kitu.

"Umechelewa, shoga," Bi Somoe alisema. "Leo mama mkwe amekutaja kabla ya muadhini."

Mama hakukaa. "Leo sina futari. Chungu kimeharibika. Kimepikiwa nguruwe mchana huu, nyumbani kwangu. Sikuwepo, lakini ni nyumba yangu. Nimekuja kuwaambia kabla hamjasikia kwa watu."

Mtoto mmoja alicheka kwa woga, akapigwa kofi.

"Si nilisema!" Bi Kuruthumu alipapasa fimbo yake. "Si nilisema tangu mwanzo! Na jana je? Na juzi? Tumekula nini humu ndani?"

"Mmekula nilichowaambia."

"Nitajuaje?"

"Hutajua, mama. Utaniamini au hutaniamini."

"Toka."

Mikono ya Bi Somoe yenye vitambaa ilikuwa mapajani kama watoto wachanga wawili. Mama alisema, "Nisameheni," kisha akasema, "Mama, mume wangu naye amesikia neno lako barabarani. Limemuuma." Hakusema kwa kushindana. Alisema kama mtu anayeonyesha mwiba uliko. Tukatoka, na adhana ikatukuta njiani. Nyuma yetu waliifungua saumu kwa maji.

Kwetu hakuna aliyekula. Nyama ilipoa na kugandia mafuta. Jioni ile mama alimtaja Bi Kuruthumu kama kawaida, na baba, ambaye huwa anasinzia wakati wa sala, alisema Amina kwa sauti.

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu. Mama alilima, akateka maji, akapepeta, hakugusa habari hiyo. Mimi nilikuwa naingia chumbani na kutoka, naitazama susu, natoka tena. Jua lilipokuwa limeinama, tulisikia mtu anabisha hodi kwa mguu. Bi Somoe alisimama mlangoni, amekumbatia chungu kwa viwiko, kikuukuu, cheusi, kimepasuka kidogo mdomoni. Nyuma yake Bi Kuruthumu alikuwa ameshika bega la mjukuu.

"Pokea kabla sijakiangusha," Bi Somoe alisema. "Si changu. Ni chake yeye, aliingia nacho kwa mume."

Mama alipokea. 

"Ametukana usiku kucha," Bi Somoe aliendelea, "tukakosa usingizi. Alfajiri, baada ya kuswali, akasema: mwongo hajipeleki mwenyewe mlangoni."

"Usiniseme nami nipo," Bi Kuruthumu alifoka. "Kikae hapa. Kipikie humu. Na mumeo akikigusa, mbwa wake nitamfungulia yeye." Akageuza uso kuelekea alikosikia pumzi za baba. "Baba Tekla."

"Naam, bibi."

"Jana nilikuwa na njaa."

Huko ndiko kuomba radhi kwake, hakuongeza. "Nami nilikuwa na hasira, bibi," baba alisema. Kisha akaingia ndani, akaishusha susu, akaanza kuongeza kamba, maana chungu cha kikongwe kilikuwa kizito. Siku zote alizowinda baadaye alipita nyuma ya nyumba zile na nyama yake bila kuambiwa, na Bi Kuruthumu akisikia mbwa alikuwa akipaza sauti, "Baba Tekla, umeshinda?" Futari aliila hadi Idi. Kila siku alilalamikia chumvi.

Nilipokuwa chuo nilimshambulia mama kwa habari hiyo. Nilikuwa nimejifunza maneno. Nilimwambia kwamba unyenyekevu wake ulikuwa unyonge uliopakwa sala. Kwa nini yeye ndiye awe na chungu cha pembeni? Kwa nini aliyemwagia kuku chakula chetu asiulizwe kitu? Aliendelea kumenya mihogo. "Mwanangu," alisema, "aliyeona kwanza ndiye anayeanza. Mimi niliona kwanza." Nilisema hilo si jibu. Alisema, "Haya." Lilinikasirisha sana hilo haya.

Ombi langu halikujibiwa. Mikorosho ya baba ilimezwa na pori, hatukurudi, na siku moja niligundua kwamba nikisema nyumbani namaanisha kijiji kile cha mistari. Sijui kama huko ni kujibiwa au ni kuzoea. Nimelifikiria hilo mara nyingi na kila mara naliacha njiani.

Kwenye arobaini ya mama nilifika nimejifunga kibwebwe cha kazi, ili nisipate nafasi ya kukaa. Bi Kuruthumu alishafariki zamani. Bi Somoe, sasa naye mzee, mikono ina makovu yanayong'aa, aliingia chumbani kwa mama bila kuuliza, akakitungua chungu cheusi kwenye susu, akapika mihogo ya nazi, akatuandalia watu wa nyumba mkekani. Hakuna aliyeanza kula. Watu walinitazama mimi, maana ndimi mtoto wa kwanza, na meza ya mama haikuliwa kavu, bila sala.

"Bi Somoe," nilinong'ona, "mimi siku hizi sisali."

"Nimesikia. Mama yako alinieleza." Alijisogeza karibu. "Hakuwa anasema marefu. Wewe anza tu, mimi nitakuitikia."

"Sijui niseme nini. Sina hakika na chochote."

"Chakula kinapoa, Tekla."

Mkono wangu ulikwenda kwenye paji la uso, polepole, kama unaotafuta njia gizani, ukashuka kifuani, ukaenda bega hili na hili. Hapo nikakwama. Niliinamisha kichwa, na mvuke wa chungu ukanipiga usoni, nazi na moshi. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Amin," alisema Bi Somoe, akanimegea muhogo.